Rironi hadi Mau Summit: Yanayosemwa na Yalivyo

Ukipanda matatu ya Nakuru siku za kuelekea Krismasi, ubishi kuhusu barabara ya Rironi hadi Mau Summit utaanza kabla hamjafika Kinungi, na mtashuka stendi bado haujaisha. Barabara hiyo kuu ya Kenya, itokayo karibu na Nairobi kwenda magharibi kupitia Nakuru, inapanuliwa na itatozwa ada. Rais William Ruto alizindua ujenzi huo tarehe 28 Novemba 2025, ila watu hawajaacha kuulizana kama ilifaa kujengwa, na kwa masharti gani. Mengi yanayosemwa, na wanaoitaka na wasioitaka, yana kasoro.

"Ni pesa za Wachina, sisi hatutoi kitu."

Mradi unakadiriwa kugharimu takriban shilingi bilioni 170, na unajengwa kwa ubia. Kampuni za Kichina zimo kweli, CRBC na Shandong Hi-Speed, lakini mshirika wa CRBC ni NSSF, yaani akiba ya uzeeni ya kila mfanyakazi anayekatwa mshahara mwisho wa mwezi. Magari yakipungukia hesabu, hasara haitabaki Beijing.

Isitoshe, pesa hizo zitarudishwa na madereva. Ada iliyotajwa kwa gari dogo ni shilingi 8 kwa kilomita. Kutoka Rironi hadi Mau Summit ni kilomita 175, kwa hiyo shilingi 1,400, na hiyo ni kwenda tu. Wengi huishia hapo kupiga hesabu, kana kwamba 8 itabaki 8. Kwenye Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, gari dogo lilikuwa likilipa shilingi 360 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwanzoni mwa 2024 ikawa 500, baada ya shilingi kuporomoka mbele ya dola. Mimi ningeacha kuuliza ada ni ngapi leo, niombe kuonyeshwa ukurasa wa mkataba unaosema itapandaje.

"Tunalipishwa mara mbili."

Hii nusu yake ni kweli. Ushuru wa matengenezo ya barabara, ule unaojificha ndani ya bei ya mafuta, uliletwa miaka ya 1990 kuchukua nafasi ya vituo vya zamani vya kutoza ada barabarani. Julai 2024 ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Serikali husema ushuru huo ni wa kutunza barabara zilizopo, wala si wa kujenga kubwa mpya, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mwaka 2025 shilingi 7 kati ya hizo 25 ziliwekwa dhamana ili kulipa madeni ya wakandarasi. Abiria anayenung'unika hajakosea sana.

"Ajali zinaletwa na wembamba wa barabara."

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso Migaa, katika ukanda wa Salgaa wa barabara hii hii, watu 36 wakafa. Mteremko ule ulikuwa na sifa mbaya miaka mingi. Madereva wa malori walizoea kuushuka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta, lori likishika kasi breki zinachemka na kukataa, na mbele yake kuna mtu anayetanua kupita gari jingine. Mwaka uliofuata magari ya kupanda na ya kushuka yalitenganishwa kwa kizuizi cha saruji, na ajali za kugongana uso kwa uso zikapungua sana. Kizuizi hicho ndicho kilichookoa watu, kuliko upana.

Upana peke yake huja na maafa yake. Aliyewahi kusimama kando ya barabara ya Thika akitafuta mwanya wa kukimbia ng'ambo anajua ninachosema. Ukiweka leni nane bila vivuko vya kutosha, unamwokoa abiria na kumtoa kafara anayetembea kwa miguu.

"Ikipanuliwa, foleni kwisha."

Barabara hiyo hiyo ya Thika ilizinduliwa mwaka 2012. Ruiru na Juja zikajaa nyumba, na foleni zikarudi. Houston, Marekani, waliipanua Katy Freeway hadi leni 26 penye upana zaidi, na baada ya miaka michache muda wa safari ukaanza tena kurefuka. Lazima niseme ukweli, lakini: Gilgil, mji wa njiani, si Houston. Kati ya mji na mji tatizo huwa ni malori yanayopanda mlima polepole na watu kusafiri siku moja, na leni ya ziada husaidia. Ila zote zikiishia kwenye mlango ule ule wa Nairobi, foleni itahama tu.

"Magari madogo yamezidi, ndiyo maana lami inachakaa."

La. Majaribio yaliyofanywa Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Ekseli ya lori yenye tani 10 ina uzito mara 20 ya ekseli ya gari dogo yenye nusu tani, lakini huumiza lami kama mara 160,000. Reli ya SGR iliishia Naivasha mwaka 2019, na shehena nyingi ya Uganda, Rwanda na Kongo bado inapita hapa kwa magurudumu. Anayejadili ada bila kutaja mizani ya kupima malori anaacha kiini.

"Miji ya njiani itatajirika."

Muulize mchoma nyama wa Kikopey, kando ya barabara hii karibu na Gilgil. Mteja wake ni yule aliyenusa moshi akakata kona ghafla. Akiwekewa ukuta katikati, na sehemu ya kugeuzia iko kilomita kadhaa mbele, atameza mate na kuendelea.

"Asiyetaka kulipa atafute njia nyingine."

Ya kawaida ni ile ya bondeni, Rironi hadi Naivasha kupitia Maai Mahiu. Nayo, kilomita zake 58 zote, imo ndani ya mradi huu huu.