BCBA si digrii: namna ya kusoma orodha ya wahadhiri wa ABA ukiwa Zanzibar

Mpwa wangu anasomesha skuli moja ya msingi nje kidogo ya Chake Chake. Darasani kwake ana watoto wawili wenye usonji, na wa tatu ambaye hakuna aliyewahi kumpima. Mwezi uliopita alinirushia kwenye simu kipeperushi cha chuo kikuu kimoja cha nje, kinachotoa shahada ya uzamili ya ABA kwa masafa. Jina la mhadhiri mmoja alilizungushia duara jekundu: mbele ya jina kuna Ph.D., halafu mkato, halafu BCBA-D. Chini akaandika: "Shikamoo mjomba. Hii ya pili nayo ni digrii? Na mimi nikimaliza nitakuwa nayo?"

Marahaba, na jibu ni hapana kwa yote mawili.

ABA kwa Kiswahili tunaweza kuiita uchambuzi tumizi wa tabia, na neno lenyewe la tabia lishatupotosha kabla hatujaanza. Kwetu tabia ni adabu. Ukisema mtoto wa fulani ana tabia, mtu ataka kujua nzuri au mbaya. Katika taaluma hii tabia ni tendo lolote ambalo watu wawili wakikaa wakalitazama wanaweza kulihesabu na wakapata idadi moja. "Mkaidi" haihesabiki. "Alitupa kandambili dirishani mara sita" inahesabika.

Na kandambili si mfano wa kubuni. Yule mtoto wa tatu wa mpwa wangu alikuwa kila likianza somo la kusoma anavua kandambili moja anaitupa nje. Mwalimu anamgombeza, kisha anamwambia nenda kaiokote. Anatoka, anazunguka mwembe, anatazama kuku, anarudi baada ya dakika kumi. Kwa wiki mbili mpwa wangu aliandika kwenye daftari mambo matatu tu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Kilichotangulia ni kitabu. Kilichofuata ni matembezi. Kumbe wale watu wazima ndio waliokuwa wakimlipa mtoto kwa kutupa kandambili, na malipo yenyewe ni kutoka darasani. Akamfundisha kunyanyua kadi ya njano akitaka kupumzika, na akiinyanyua anapewa dakika mbili mlangoni. Kandambili sasa zinakaa miguuni siku nyingi. Si zote.

Hilo ndilo ABA kwa udogo wake. Kwa ukubwa wake ina jarida lake la kitaaluma tangu 1968, na mwaka huo huo Baer, Wolf na Risley walichapisha humo makala ambayo mpaka leo hakuna mwanafunzi wa ABA anayeikwepa. Wametaja sifa saba za kazi hii. Mojawapo ni kwamba maelezo ya ulichokifanya yawe wazi kiasi cha mtu mwengine kuyasoma na kuyarudia vile vile. Daftari la mpwa wangu, kwa kweli, lingefaulu hapo.

Sasa turudi kwenye zile herufi. Shahada hutolewa na chuo. BCBA ni cheti cha mchambuzi wa tabia, nacho hutolewa na bodi, iitwayo BACB, iliyoanzishwa 1998 na yenye makao Colorado, Marekani. Bodi si chuo, na chuo hakiwezi kukupa BCBA hata kikitaka. Mwenye ndugu muuguzi anaujua utaratibu huu: anamaliza chuo, watu wanakula pilau, lakini wodini haingii kama muuguzi mpaka asajiliwe na baraza la wauguzi na wakunga. Kuna na kitu cha tatu, ithibati, nacho ni cha programu wala si cha mtu. Katika fani hii ABAI, jumuiya ya kimataifa ya uchambuzi wa tabia iliyoanza 1974, hukagua programu za vyuo na kuzipa ithibati. Na cha nne, leseni, hutolewa na serikali. Majimbo mengi ya Marekani yanaidai juu ya cheti cha bodi. Kipeperushi kikiandika tu kwamba "tumeidhinishwa", muulize mwenye kipeperushi: nani kaidhinishwa, na nani kamuidhinisha?

Vyeti vya BACB vina ngazi. Ya chini ni RBT, fundi wa tabia, aliyemaliza sekondari, akapata mafunzo ya saa 40, akapimwa umahiri na akafanya mtihani. Huyo hafanyi kazi peke yake, lazima awe chini ya msimamizi. Ya kati ni BCaBA, kwa mwenye shahada ya kwanza. Ya juu ni BCBA, kwa mwenye uzamili. Ile D ya mwisho, iliyozungushiwa duara jekundu, ni alama kwamba mwenye BCBA huyu ana pia shahada ya udaktari. Mtihani wake ni ule ule, mamlaka yake kwa bodi ni yale yale. Mhadhiri mwenye BCBA-D anaweza kuwa bingwa, lakini D haikwambii hivyo. Inakwambia alisoma zaidi.

Kwa hiyo orodha ya wahadhiri isomwe vipi? Mimi huanza na wasio na herufi. Programu nzuri inaweza kuwa na mwalimu wa takwimu asiye na BCBA, na mwalimu wa elimu maalumu asiye nayo, na hakuna ubaya. Ninayemtafuta ni anayesomesha upimaji wa tabia, anayesomesha maadili ya kazi, na anayeratibu mazoezi. Hao watatu wakiwa hawana cheti cha fani yenyewe, mimi nitafunga kipeperushi nikanywe chai. Halafu hutazama kama cheti ki hai, kwa sababu BCBA hufa. Kila miaka miwili mwenye cheti anatakiwa awe amekusanya alama 32 za mafunzo endelevu, 4 kati yake za maadili, na akiwa anasimamia wengine, 3 za usimamizi. Bodi ina rejista ya wazi. Unaandika jina, unaona cheti kinaendelea au kimekwisha muda. Ni dakika tano za kazi, na hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Jambo jengine lililo wazi ni matokeo. BACB huchapisha kiwango cha kufaulu cha kila chuo chenye watahiniwa wa mara ya kwanza sita au zaidi kwa mwaka. Mtihani wenyewe una maswali 185 kwa saa nne, na kumi kati yake hayahesabiwi, ni ya majaribio, ila huambiwi ni yepi. Miaka ya karibuni wanaofaulu mara ya kwanza kwa jumla wamekuwa kidogo zaidi ya nusu. Chuo kinachojisifu kwa majengo na kukaa kimya juu ya idadi hii kina sababu yake.

Lakini mahali ambapo mtu wa visiwani anapaswa kukaa kitako ni kwenye saa za mazoezi.

Ili aruhusiwe kukaa kwenye mtihani wa BCBA, mwanafunzi, mbali na masomo, anatakiwa awe na saa 2,000 za kazi chini ya msimamizi, au 1,500 kwa njia ya usimamizi mzito zaidi. Katika njia ya kwanza msimamizi awe naye angalau asilimia 5 ya saa hizo, yaani saa 100. Katika ya pili asilimia 10, yaani 150. Ukifanya saa 20 kwa wiki, 2,000 ni wiki mia moja, karibu miaka miwili bila sikukuu. Na kukaa na watoto pekee hakutoshi. Angalau asilimia 60 ya saa ziwe za kazi anayoifanya mchambuzi mwenyewe: kuchora na kusoma grafu, kuandika mpango, kufundisha wazazi na walimu wenzake. Saa za kumhudumia mtoto ana kwa ana hazizidi 800 katika zile 2,000. Mpwa wangu alipoona hivyo alikasirika. "Mie nipo nao kutwa nzima, kumbe haihesabiki?" Nyingi hazihesabiki. Kusomesha ni kusomesha.

Msimamizi naye si yeyote. Awe na cheti, awe amepata mafunzo ya saa nane ya kusimamia, na asiwe ndugu yako wala mwajiriwa wako. Mjomba hapa hana nafasi. Vyuo vingine vina wahadhiri ambao kazi yao ni hii tu, wanakutana nawe kwa video, wanakutazama ukifanya kazi. Vingine vinakwambia kwa ustaarabu kwamba mazoezi ni "jukumu la mwanafunzi", maana yake utafute msimamizi mwenyewe na umlipe mwenyewe.

Wazee wetu wa vyuoni, vyuo vya Kurani nakusudia, wana kitu kinachokaribia hapa: ijaza. Sheikh anakusikiliza ukisoma kitabu chote mbele yake, anakurudi, anakurudi tena, na siku akiridhika anakupa ruhusa ya kukisomesha, naye ruhusa hiyo aliipata kwa sheikh wake, na yule kwa wake. Thamani ya ijaza ni ule mnyororo. Ukiuliza "kasoma kwa nani?" umeuliza swali zima. Mnyororo wa saa za usimamizi katika ABA una roho hiyo hiyo, na ndiyo maana orodha ya wahadhiri si mapambo. Tofauti ni kwamba sheikh hutoa ijaza kwa mkono wake, na hapa msimamizi anatia saini saa tu. Uamuzi wa mwisho uko kwa bodi ambayo haijawahi kukuona.

Na bodi hiyo imetuhama. Tangu Januari 2023 BACB haipokei maombi mapya ya vyeti kutoka nchi nyingi za dunia. Tangazo lilitoka mwishoni mwa 2019: wabaki na Marekani na Kanada, baadaye Uingereza na Australia zikaongezewa muda. Mtu anayeishi Pemba anaweza kusoma shahada yote, akafundishwa na wenye BCBA-D watupu, akafaulu kila somo, na bado asiweze kuomba BCBA akiwa Pemba. Vipeperushi vingi havilisemi hili kwa herufi kubwa. Vinasema programu "inamuandaa" mwanafunzi, na neno hilo si la uongo, linakwepa tu.

Hiyo haifanyi shahada kuwa bure. Zipo bodi nyengine, QABA na IBAO, zinazopokea waombaji wa nchi mbali mbali, na IBAO iliundwa khasa kwa ajili ya kazi ya kimataifa. Masharti yao si yale yale, kwa hiyo saa zako ziandikwe tangu mwanzo kwa kufuata bodi unayoikusudia, sio kwanza usome kisha uulize. Kwa kazi za hapa nyumbani kuna na mlango wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayotambua shahada za nje. TCU inatazama shahada na chuo. Cheti cha bodi hakiombwi hapo.

Nina neno moja juu ya maadili, kwa sababu somo hilo wengi huliruka wakidhani ni porojo. Utafiti maarufu wa mwanasaikolojia Lovaas wa 1987, uliowasukuma wazazi wengi duniani kuitaka tiba hii, ulikuwa na watoto 19 wenye usonji katika kundi lililopewa saa 40 kwa wiki, na 9 kati yao walielezwa kuwa wamefikia kiwango cha watoto wa kawaida kwa akili na masomo. Ndani yake mlikuwamo kukemea kwa sauti kubwa na, pale ilipoonekana pana haja, kofi la pajani. Watu wazima wenye usonji wamepaza sauti miaka mingi kwamba mafunzo ya namna hii yaliwaumiza, na yaliwafundisha kujificha badala ya kuishi. Kanuni za maadili za BACB zilizoanza kutumika 2022 zinataka njia ya kuimarisha tabia njema itangulie, na ridhaa ya mtoto mwenyewe itafutwe pale inapowezekana. Sisi ambao bakora hatukuhadithiwa, tumeionja, tuna sababu zaidi ya kumuuliza mhadhiri: somo hili unalifundisha vipi, na ulipokuwa kijana wewe mwenyewe ulifundishwa vipi?

Mpwa wangu aliwaandikia wale wa chuo. Aliuliza mambo matatu: nani ataratibu mazoezi yake na cheti chake ki hai mpaka lini, usimamizi umo ndani ya ada au nje, na yeye, mkaazi wa Tanzania, ataomba cheti cha bodi gani. La kwanza walilijibu siku ile ile, na jina. La pili: nje ya ada. La tatu walimwambia awasiliane na bodi.

Amewaandikia tena, mara hii kwa yule mwenye duara jekundu moja kwa moja. Anasubiri. Kwa sasa ana grafu ya kandambili aliyoichora kwa rula, na wiki iliyopita mstari ulipanda tena, Jumatatu na Jumanne, siku mbili alizosomesha mwalimu wa zamu ambaye hakuambiwa habari ya kadi ya njano.