"Mama mwalimu, nimejifunza kwa telerealite": dhana potofu kuhusu kusema vizuri

Kazi yangu ni kufundisha watu kusema mbele ya watu. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanaonijia ni watangazaji wa redio, wahubiri, waongozaji wa sherehe za arusi, na vijana wanaotafuta kazi kwenye mashirika. Karibu wote hutazama telerealite, vile vipindi vya televisheni vinavyofuata maisha ya watu: nyumba iliyojaa kamera, mashindano ya kuimba, wapenzi wanaogombana kisiwani. Sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe hutazama, tena kwa uroho. Kinachonichosha ni yale wanayotoka nayo huko na kuniletea darasani kana kwamba ni sarufi. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi zimeniozea mkononi, kwa hiyo leo nasema.

Dhana: "Kiswahili chetu hakina sarufi. Nikiwatazama Watanzania kwenye telerealite ndipo nitasema safi."

Hii ndiyo inayonipandisha presha, na ndiyo ninayoisikia kuliko zote.

Wengine huanza kwa kunitajia Big Brother Africa, kwamba Watanzania walishinda mle. Ni kweli: Richard Bezuidenhout mwaka 2007, Idris Sultan mwaka 2014. Ila mashindano yale yaliendeshwa kwa Kiingereza. Kama ulijifunza Kiswahili mle, basi ulijifunza kwa jirani aliyekuwa akikutafsiria, na umshukuru yeye.

Wengine hutazama vipindi vya Tanzania kwenyewe, au vipande vyake kwenye simu, na huko Kiswahili kimejaa. Lakini ni Kiswahili gani? Kijana wa Dar es Salaam anayegombania sufuria na mwenzake hasemi kama kitabu cha shule. Anasema "huwaga silali mapema", "anapendaga kujisifu". Mtangazaji mmoja ninayemfundisha aliirudisha hiyo -ga darasani akaipanda kila fasi: "waziri anasemaga", "bei zinapandaga". Nilipomuuliza imetoka wapi, akajibu kwa fahari kwamba ndiyo sanifu. Alikuwa ameitupa "anasemaka" ya mtaa wao wa Kadutu hapa Bukavu akiiona ya kishamba, akaokota "anasemaga" ya Dar akiiona ya wasomi.

Sasa sikiliza. Viambishi hivyo viwili ni ndugu wa tumbo moja. Vyote vinaonyesha jambo la mazoea, na vyote vinatoka kwenye kiambishi cha zamani cha Kibantu, -ag-, kilichobaki katika lugha nyingi za bara. Wasukuma wanacho, na Kilingala kina -aka yake. Kiswahili sanifu hakina hata kimoja kati ya hivyo. Chenyewe hutumia hu-: waziri husema, bei hupanda. Kwa hiyo mtangazaji wangu aliacha kosa la Bukavu akachukua kosa la Dar, na hayo yote mawili hata si makosa. Ni desturi za miji. Kosa lake lilikuwa moja tu, kuisoma habari ya taifa kwa desturi ya mji ambao hata si wake.

Na hili la "hakina sarufi" naomba mtu aniachie. Lugha isiyo na sarufi haina mtu wa kuikosea. Mwambie mama yeyote anayeuza samaki soko la Nyawera kwamba "batoto anaenda" uone kama hatakucheka. Atakurekebisha palepale: "batoto banaenda". Mwambie uko "ku nyumba" na kesho umwambie uko "mu nyumba", yeye anajua tofauti: kwanza uko kwako, pengine hata umekaa uani, pili umeingia ndani. "Niko nakula" ni sasa hivi, chakula kiko mdomoni. "Nakulaka" ni mazoea. Mtoto wa miaka minne wa mtaa wa Bagira hakosei mambo hayo, wala hakuyasoma popote. Kama hiyo si sarufi, sijui sarufi ni kitu gani.

Kuna wanaoona aibu kusema "mutu" na "batu", eti ni kuharibu "mtu" na "watu". Ukweli umegeuka kichwa chini. Umbo la zamani la Kibantu lina mu- kamili na ba-. Ni pwani iliyoimeza hiyo u na kuibadili ba- kuwa wa-. Sisi hapa tumezungukwa na lugha zinazosema ba-, Kilingala, Mashi na nyingine, nazo zimetupa tena kile ambacho pwani ilikiacha. Hata jina "Bantu", ambalo mtaalamu Mjerumani Wilhelm Bleek aliliweka katika karne ya 19, limeanza na hiyo ba- mnayoionea haya.

Sanifu yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1930 ilianzishwa kamati ya lugha ya makoloni ya Waingereza, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na msingi uliotumika ni lahaja ya Kiunguja. Kimvita cha Mombasa, chenye mashairi yake ya kale, kiliachwa pembeni, na watu wa Mombasa walilalamika. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, haikuwa mezani. Kwa hiyo tusijipime kwa nguo ambayo fundi hakutuchukulia vipimo, halafu tukasema mwili ndio mbovu.

Msinielewe vibaya: sanifu ninaifundisha, na ndiyo inayonilisha. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, anayetaka kuandika barua Arusha au kusoma mkataba wa mfanyabiashara wa Dodoma anaihitaji. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini haisemi ni Kiswahili cha nani. Ukiwa redioni kwenye taarifa ya habari, tumia sanifu. Ukiwa unaongoza arusi Kadutu, sema kama Kadutu, la sivyo shangazi wa bibi arusi atauliza mgeni huyu ametoka wapi. Anayejua zote mbili, na anajua lini aivae ipi, ndiye ninayemhesabu kuwa amefuzu. Na kama unataka kweli kujifunza sanifu kwa masikio, sikiliza taarifa ya habari. Mtangazaji amesoma maandishi yaliyopitiwa na mhariri. Kijana wa jikoni hajapitiwa na mtu.

Dhana: "Wale wa telerealite husema bila kujitayarisha, na tazama wanavyosema vizuri!"

Hapana. Umeona dakika arobaini zilizobaki baada ya saa na saa za kurekodi. Kigugumizi kimekatwa, "eeh" zimekatwa, na mara nyingine nusu ya sentensi ya asubuhi imeungwa na nusu ya jioni. Pale mshiriki anapokaa peke yake mbele ya kamera kueleza moyo wake, nje ya picha kuna mtu anamuuliza maswali, na ameshamwagiza alirudie swali ndani ya jibu ili sauti ya muulizaji iweze kuondolewa. Ndiyo maana anaanza: "Nilipomwona akiingia na yule msichana, nilijisikia..." Hakuna mtu anayesema hivyo sokoni.

Mwaka 2009 Mahakama ya Kasasioni ya Ufaransa, ile ya rufaa ya mwisho, iliamua kwamba washiriki wa kipindi cha telerealite kiitwacho L'Île de la tentation walikuwa wafanyakazi wenye mkataba wa kazi. Kati ya sababu zilizotajwa: watengenezaji ndio waliopanga saa za kuamka na za kulala, washiriki walielekezwa jinsi ya kuchambua mienendo yao wenyewe, na baadhi ya matukio yalirudiwa ili yapendeze zaidi. Yalirudiwa! Halafu wewe unajilaumu kwamba hukusema kama wao mara ya kwanza, mbele ya wafadhili, bila chai.

Matokeo yake ninayaona. Kijana mmoja aliyealikwa kwenye mdahalo wa redio alijibu kila swali kwa kulirudia lote kwanza. "Kuhusu swali lako la maji katika mtaa wetu, mimi kuhusu maji katika mtaa wetu ninaona kwamba..." Muda wake ukaisha kabla maji hayajafika.

Kama ni lazima ujifunze kitu kutoka kwenye vipindi hivi, chukua hiki. Kwenye msimu wa kwanza wa The Voice Afrique francophone, mashindano ya kuimba, mwanamuziki Lokua Kanza, aliyezaliwa hapa hapa Bukavu, alikaa kwenye kiti cha majaji, akampa mwimbaji mgongo na kusikiliza sauti tu. Jirekodi kwenye simu, geuza simu kifudifudi, usikilize. Usijitazame kwenye video. Ukijitazama utaangalia nywele. Nimeshasema haya mpaka wanafunzi wangu wananiigiza, na nitaendelea.

Dhana: "Anayechanganya Kiswahili na Kifaransa hajui hata kimoja."

Fupi tu. Watu husema "nilimuapele", yaani nilimwita, na "tutakomanse", yaani tutaanza. Kitenzi ni cha Kifaransa, lakini nafsi, wakati na mtendwa vyote ni vya Kiswahili na viko mahali pake. Hujawahi kusikia mtu akifanya kinyume, akachukua nafsi ya Kifaransa akaibandika kwenye kitenzi cha Kiswahili, "je anza". Kuchanganya kuna kanuni zake, na anayezifuata bila kufikiri anazijua lugha zote mbili vizuri. Swali la kuuliza ni kama anayekusikiliza amekuelewa. Mama mzee wa kijijini Walungu asiyejua Kifaransa, ukimwambia "tutakomanse", umemkosea yeye, hukuikosea sarufi.

Dhana: "Jambo ni salamu ya watalii" na "kusema 'unipe' ni ukosefu wa adabu."

Hizi nazo zimetoka kwenye maoni ya watu chini ya video za mashindano, Mkongomani akisema neno tu anaambiwa hana adabu. Pwani wana yao, na huko "jambo" tupu huwa ya kumwambia mgeni. Hapa ni salamu kamili, mtu mzima humsalimu mtu mzima, na anayeiacha akaanza "mambo vipi" kwa mzee amejidhuru mwenyewe. Na "unipe maji, mama" siyo amri. Amri ni "nipe". Hiyo u- ya mwanzo na e ya mwisho ni umbo lilelile la kuomba lililomo katika "naomba unipe", na neno "mama" limebeba heshima yote iliyobaki. Mtu wa Dar hulibebesha "naomba". Mzigo ni uleule.

Dhana: "Telerealite inawaharibia watoto lugha."

Wazazi hulipenda hili kwa sababu halihusu wao. Watoto husema kama watoto wenzao. Mtaalamu wa lugha William Labov na wenzake walionyesha kwamba lafudhi za miji mikubwa ya Marekani zilikuwa zikiendelea kuachana ingawa wote walitazama televisheni ileile. Utafiti wa Jane Stuart-Smith na wenzake huko Glasgow, Uskoti, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta athari fulani kwa vijana waliokuwa wamezama kihisia katika tamthilia ya London, EastEnders: walielekea zaidi kuitamka th kama f. Lakini televisheni ilikuwa sababu moja kati ya kadhaa, na jambo lenyewe ni sauti. Maneno mapya na misemo, hayo ndiyo mtoto huokota haraka, na huyatupa haraka vilevile. Kama mwanao hajui kuamkia wageni, usitafute kosa kwenye rimoti.

Baada ya yote haya mtaniuliza: na wewe, huna kinachokukera? Ninacho. Ni mtu anayemkatiza mwenzake. Mtu anasimulia msiba uliompata, machozi yanamlenga, wewe unamwambia "siyo *ile* mutu, ni *yule* mtu". Huyo simfundishi hata akilipa mara mbili.

Na vokali, yaani ujumbe wa sauti. Vokali ya dakika sita kwenye WhatsApp, ambayo nne za kwanza ni salamu za ukoo mzima na mbili za mwisho ni "basi, ukipata nafasi utanipigia". Anayetaka masomo aniambie jina lake, anachotaka kusema na mbele ya nani, na siku anazoweza. Salamu moja inatosha. "Jambo" itafaa kabisa.