Almasi za Antwerp na Surat: jiwe moja, mpaka mmoja, linahesabiwa mara nne

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma uchumi kanitumia wasap picha ya jedwali la biashara ya bidhaa kati ya Ubelgiji na India, mstari wa juu kabisa kauzungushia wino mwekundu, kaniuliza "dada, hivi Ubelgiji kuna mgodi wa almasi?" Hakuna. Hakuna hata mmoja, haijawahi kuwa nao. Lakini ukifungua takwimu za miaka mingi ya huko nyuma utakuta kitu kikubwa Ubelgiji inachouza India ni almasi, afu ukigeuza upande wa pili ukaangalia India inawauzia nini Wabelgiji, almasi tena, ipo juu juu hukohuko. Nimeanza kumjibu kwa voisi nikaona dakika zinaenda na sijafika popote, nikasema ngoja niandike.

Mimi ni mthamini wa almasi ghafi, nilianza kwenye meza ya kuchambua mawe, unakaa na koleo yako ndogo na lenzi ya mara kumi mpaka macho yanauma, baadae ndo nikaingia kwenye takwimu za forodha. Na hii njia ya Antwerp kule Ubelgiji na Surat kule India naipenda kuliko zote kwa sababu inakufundisha kuogopa namba. Namba yenyewe sio ya uongo, ila haisemi kile unachodhani inasema.

Tuanze na safari ya jiwe. Limetoka Botswana, au Angola, au Kanada, linafika Antwerp kwenye mtaa mfupi sana unaitwa Hoveniersstraat, hatua chache tu kutoka stesheni kuu ya treni. Pale kuna ofisi inaitwa Diamond Office, mzigo wowote wa almasi unaoingia au kutoka Ubelgiji kwenda nje ya Umoja wa Ulaya lazima upite pale, wataalamu wa serikali wanafungua, wanapima uzito, wanaangalia kama bei ya kwenye ankara inaendana na mawe yaliyopo mezani. Kama ni ghafi lazima liwe na cheti cha Kimberley, utaratibu ulioanza 2003 kuzuia almasi za vita. Likishauzwa pale linapanda ndege kwenda Mumbai, kutoka Mumbai linaingia Surat jimbo la Gujarat, na huko ndo linachongwa na kung'arishwa. Inakadiriwa almasi tisa kati ya kumi duniani zinachongwa India, na nyingi ya hizo ni Surat na miji inayoizunguka. Likishang'aa, sehemu inaenda Marekani, Hong Kong, Dubai, na sehemu inarudi palepale Hoveniersstraat ilipotokea.

Watu wa Mtwara hiki kitu mnakijua vizuri, korosho ghafi inapanda meli inabanguliwa India au Vietnam afu unakuja kuikuta imefungwa vizuri kwenye pakiti dukani. Ila korosho ikishaliwa imeliwa. Almasi haiishi, na hapo ndo shughuli ya takwimu inapoanza.

Kwanza kwanini Surat? Wabelgiji walikuwa na wachongaji wao, tena maelfu kwa maelfu, vijiji vya eneo la Kempen kama Nijlen vilikuwa vinaishi kwa hiyo kazi. Mshahara wa Ulaya ukapanda, na mawe madogo hayakuweza tena kuulipa. Wafanyabiashara wa Kigujarati, wengi familia za dini ya Kijaini kutoka mji wa Palanpur, wakaanza kufika Antwerp kwa wingi miaka ya 60 na 70, wakawa wananunua yale mawe madogo yasiyotakiwa, wanayapeleka kwao kwenye mikono mingi na ujira mdogo, wanayarudisha yamechongwa. Baadae Australia ikafungua mgodi wa Argyle miaka ya 80, ulifika kutoa zaidi ya karati milioni 40 kwa mwaka (karati ndo kipimo cha uzito wa almasi), mawe mengi madogo ya kahawia ambayo Ulaya hakuna aliyekuwa na hamu nayo, Surat ikayameza yote. Mgodi ulifungwa 2020 lakini mji ulishajengeka. Leo biashara ya Antwerp kwa sehemu kubwa ipo mikononi mwa Wahindi, na bado dili likikamilika watu wanashikana mikono wanasema "mazal", neno la Wayahudi waliowatangulia kwenye ule mtaa, na ukishalitamka umeuza, hakuna kurudi nyuma. Na kuna masimulizi kule Surat kwamba waliouanzisha uchongaji pale mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa ndugu waliorudi kutoka Afrika Mashariki! Nikisikia hivyo huwa nasimama kidogo.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano tu, mzigo wa ghafi wa dola 100 unatoka Antwerp kwenda Surat. Forodha ya Ubelgiji inaandika mauzo ya nje 100, India inaandika uagizaji 100. Jiwe likichongwa mara nyingi linapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo kila karati mbili zilizoenda hairudi hata moja kamili, ila bei ya kila karati imepanda sana. Tuseme zilizochongwa zinarudi Antwerp kwa dola 115. India inaandika imeuza 115, Ubelgiji inaandika imeagiza 115. Ukijumlisha unasema hizi nchi mbili zimefanya biashara ya dola 215, na kichwa cha habari kinaandikwa hivyohivyo. Lakini kazi iliyofanyika India ni dola 15, na ndani ya hizo 15 kuna mshahara, umeme, riba ya benki, faida ya mwenye kiwanda. Dola 200 zilizobaki ni jiwe lilelile la dola 100 limehesabiwa mara mbili, tena limetolewa ardhini na nchi ya tatu ambayo haipo hata kwenye jedwali.

Hiyo ni safari nzuri, nyoofu. Nyingi sio nyoofu, na sababu yake ni mali kauli.

Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua mali kauli, unampa mtu mzigo kwa neno, akiuza anakuletea hela, asipouza anarudisha mzigo. Biashara ya almasi imejengwa juu ya mali kauli. Mtu wa Surat anamtumia mwenzake wa Antwerp, mara nyingi ni kaka yake au binamu, bahasha ya mawe 200 yaliyochongwa, amwonyeshe mteja. Mteja kachukua 30. Yale 170 yanarudi India. Mwezi unaofuata 90 kati ya hayo yanaenda tena Antwerp kwa mteja mwingine. Kila yakivuka mpaka yanapita forodha na ankara yake. Lile jiwe ambalo halikupata mnunuzi mara ya kwanza limeshavuka likiwa ghafi, limerudi limechongwa, limekwenda India tena kama mzigo uliorejeshwa, limekuja Antwerp kwa mara nyingine. Mara nne mpaka uleule, na bado halijafika kidoleni kwa mtu yeyote! India wanajitahidi kutenganisha mizigo inayorudishwa na mauzo halisi kwenye taarifa zao, ila ukipakua zile data za jumla za kimataifa mara nyingi huo utenganisho huuoni, unaona tu mabilioni.

Nilivyokuwa mgeni kwenye hii kazi niliandika taarifa nzima kuhusu "ukuaji wa uagizaji wa Ubelgiji kutoka India" na ukuaji wenyewe ulikuwa mali kauli iliyorundikana kwa sababu wanunuzi wamekosekana. Yaani soko lilikuwa linakufa mimi naandika linakua. Mkubwa wangu kazini alinirudishia akiwa ameandika maneno mawili tu, "angalia karati". Tangu siku hiyo siangalii safu ya dola bila ya karati pembeni. Ghafi zipo kwenye namba ya forodha 710231, zilizochongwa 710239, ukigawa dola kwa karati kwenye kila namba unaanza kuona mawe ya aina gani yanatembea, makubwa au makombo, na kama bei imepanda kweli au ni mchanganyiko tu umebadilika.

Afu kuna thamani yenyewe. Almasi haina bei ya kwenye ubao kama dhahabu. Karati moja ya ghafi ya Kongo kwa wastani haifiki hata dola 20, ya Namibia ni mamia ya dola, na zote kwenye jedwali zinaitwa almasi. Nyumbani tunakumbuka mwaka 2017, mzigo wa Mwadui karati 71,654 ulikamatwa uwanja wa ndege Dar ukiwa njiani kwenda Ubelgiji, nyaraka zilionyesha kama dola milioni 14.8 na serikali ikasema thamani yake ni karibu milioni 29.5, kampuni ikakanusha kudanganya. Nani alikuwa sahihi siwezi kuhukumu bila kuyaona mawe. Ninachotaka uone ni kwamba mzigo mmoja, siku moja, unaweza kuwa na bei mbili zilizopishana mara mbili, na yoyote kati ya hizo ikishagongwa muhuri ndo inakuwa "biashara ya nje" milele.

Na pakiwa na ulegevu wa namna hiyo benki zinaingia hatarini. Ile kesi kubwa ya Punjab National Bank, benki ya India, iliyolipuka 2018, mshtakiwa mkuu Nirav Modi aliyekulia Antwerp, moja ya tuhuma ni kwamba mawe yaleyale yalizungushwa kati ya makampuni yanayohusiana kwa ankara zinazopanda ili kupata mikopo. Ni tuhuma. Ila baada ya pale mabenki yaliogopa kukopesha sekta nzima, na mfanyabiashara mdogo asiye na kosa ndo aliumia.

Pigo jingine ni vikwazo. Urusi inatoa karibu theluthi moja ya almasi za dunia. Zamani ghafi ya Kirusi ikichongwa Surat kisheria ilikuwa inageuka bidhaa ya India, uraia unabadilika kwenye meza ya kuchongea, na ilikuwa halali kabisa. Umoja wa Ulaya na wenzake wa G7, lile kundi la nchi saba tajiri, wakapiga marufuku almasi zinazotoka Urusi moja kwa moja kuanzia 1 Januari 2024, afu kuanzia 1 Machi hata zilizochongwa nchi nyingine kama zina karati moja na kuendelea, na Septemba wakashusha mpaka nusu karati. Ghafla mtu wa Surat anaulizwa mgodi, sio kiwanda. Mizigo ikakwama Antwerp kusubiri uhakiki, na makampuni zaidi ya mia ya hapohapo yakaandika barua ya wazi kulalamikia ucheleweshaji. Mimi naunga mkono kujua jiwe limetoka wapi, naamini hilo kwa moyo wote, lakini mzigo uliochanganywa kutoka migodi mitano kabla ya sheria kutungwa huwezi kuutenganisha kwa macho, hata mtaalamu gani.

Dubai walikuwa wanasubiri. Ghafi nyingi za Afrika sasa zinapita Dubai ndo ziende India, na kwenye ghafi Dubai imeshaipita Antwerp. Biashara nzima ya almasi ya Antwerp 2011 ilipita dola bilioni 50, 2024 ikawa karibu bilioni 24. Ukiangalia jedwali la Ubelgiji na India peke yake utasema urafiki umeisha. Mawe mengi tu yamebadilisha uwanja wa ndege. Mengine kweli hayapo, kwa sababu almasi zinazotengenezwa maabara zimeangusha bei na Wachina wamepunguza kununua, mauzo ya India ya almasi zilizochongwa yalikuwa kama dola bilioni 24 mwaka wa fedha 2021-22, miaka mitatu baadae ni bilioni 13 na kitu.

Hizo bilioni 11 zilizopotea zina watu ndani. Surat wachongaji wanaitwa ratnakalakar, ni laki kadhaa, wengi wanalipwa kwa jiwe, hakuna jiwe hakuna chakula. Agosti 2024 Kiran Gems, moja ya makampuni makubwa kabisa, iliwapa wafanyakazi wake karibu 50,000 likizo ya siku kumi ili kupunguza uzalishaji, na chama cha wafanyakazi wa almasi wa Gujarat kilishafungua namba ya simu ya kuwasaidia wachongaji waliofika mahali pa kutaka kujiua. Nikisoma safu ya "thamani iliyoongezwa" hao ndo nawaona, ni wao ile dola 15 ya mfano wangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, rudi kwenye jedwali lako uangalie mwishoni mwa 2023. Uagizaji wa ghafi India umeporomoka, ukitaka unaweza kuandika insha nzima kuhusu mahusiano ya Ulaya na Asia. Kilichotokea ni kwamba vyama vya wafanyabiashara wa India vilikubaliana kwa hiari kutoagiza ghafi kuanzia 15 Oktoba mpaka 15 Desemba ili mzigo uliojaa kwenye masefu upungue. Uchongaji unachukua miezi kadhaa, kwa hiyo zilizochongwa ziliendelea kutoka wakati ghafi haziingii. Tarehe 15 Desemba ikapita, milango ikafunguliwa, ghafi zikaanza tena kuingia. Chukua karati za 710231 za miezi sita kuanzia Septemba, weka na za 710239 pembeni, nitumie unavyoziona.