Redio za melini na maneno ya barazani

Stori za barazani kuhusu redio za meli zinachosha, hasa hii kwamba fundi wa mors (ujumbe wa redio unaotumwa kwa nukta na mistari, yani milio mifupi na mirefu) zamani kazi yake ilikuwa kugonga tiki tiki kutwa. Kugonga ilikuwa kidogo tu jamani, sheria ilimtaka zaidi asikilize. Masafa ya hatari yalikuwa kilohezi 500, na kila saa mara mbili, kuanzia dakika ya 15 na ya 45, kila mtu alitakiwa anyamaze dakika tatu kwenye masafa hayo, masikio wazi tu, maana anaezama na betri yake ishalegea hatosikika kama wenye mitambo mikubwa wanapiga soga. Ndo maana saa ya chumba cha redio ilikuwa na vipande vyekundu usoni, mshale ukiingia kwenye nyekundu unaacha kugonga hata kama ujumbe ni wa tajiri mwenye meli.

Wengine eti Titanic ndo ya kwanza kupiga SOS. Wapi! Ilishapigwa 1909, na alama yenyewe walikubaliana Berlin 1906. Kinachouma ni meli ya Californian, ilikuwa karibu na Titanic inapozama lakini fundi wake alikuwa peke yake na keshalala. Baadae ndo meli zenye fundi mmoja zikafungwa mtambo wa kumwamsha: mwenye shida anapiga mistari 12, kila mmoja sekunde nne, katikati sekunde moja, mtambo ukinasa michache mfululizo kengele zinalia mpaka kitandani kwake.

Injini ikizima redio imekufa? Hapana, sheria ilitaka betri za akiba, ziwekwe juu huko maji yasikowahi, zihimili masaa sita.

Na mors yenyewe hailazimishwi tena, imeisha 1 Februari 1999, sasa hivi unafunua kifuniko unabonyeza kitufe chekundu cha VHF (redio ya melini ya kuongea kwa sauti), meli inajitambulisha yenyewe kwenye chaneli 70, ya ishara za dharura, halafu unaongea kwenye chaneli 16, ya kuitana na ya dharura.

Stori iliyobaki ni ya wenzetu wa Mkoani, Pemba, kwamba simu ya mkononi inatosha. Simu inataka mnara na inampata mtu mmoja, chaneli 16 wanakusikia wote waliokuzunguka. Ila VHF nayo watu wanaizidishia sifa, wati 25 ndo mwisho wake na inakwenda mstari ulionyooka, kinachoipeleka mbali ni urefu wa antena, kwahiyo ukiwa na kiredio cha mkononi kati ya Nungwi na Pemba usiite umekaa chini ya boti, simama kwanza.