Kabla paa halijaezuliwa: kuiandaa nyumba inayobadilishiwa paa

Wenye nyumba wengi wanaoniita nibadilishe paa hutumia karibu muda wao wote kuchagua rangi ya bati au aina ya kigae. Siwalaumu, kwa sababu paa jipya ndilo watakaloliangalia kwa miaka mingi. Hata hivyo, katika kazi ya uezekaji nimeona kwamba nyumba haiharibiki mno wakati wa kuezeka, bali wakati wa kuezua. Saa zile ambazo paa la zamani limeshaondolewa na jipya halijafungwa ndizo ambazo vumbi la miaka mingi humwagika vyumbani, dari hupasuka, nyaya hukatwa, na mvua isiyotarajiwa hukuta magodoro yako wazi. Maandalizi ninayoyaeleza hapa yanalenga saa hizo, na sehemu kubwa yake inaweza kufanywa na mwenye nyumba mwenyewe kabla mafundi hawajaweka ngazi ukutani.

Naanzia darini, kwa sababu huko ndiko kuliko na mambo ambayo watu hawajui kuwa wanayo. Ingieni na tochi mchana, mkikanyaga boriti tu wala si ubao wa dari, kisha mzime tochi kwa muda mfupi ili muone mwanga unapopenya. Kila tundu la mwanga ni mahali ambapo maji yamekuwa yakiingia, na mbao zilizo chini yake ndizo za kuchunguzwa kwanza. Chomeni mbao hizo kwa bisibisi: ikiwa inazama bila kutumia nguvu, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, hata kama kwa nje bado inapendeza. Angalieni pia kama kuna nyuki, nyigu au popo. Nyuki wakigutushwa na nyundo huku fundi akiwa juu ya mteremko, anaweza kuanguka katika kuwakimbia, hivyo waondolewe na mtu anayejua kazi hiyo siku kadhaa mapema. Kinyesi kikavu cha popo nacho kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwa kuwa vumbi lake linaweza kubeba vimelea vya kuvu vinavyoshambulia mapafu. Kilowanishwe kwanza, na anayekiondoa avae barakoa inayofaa.

Kuna jambo moja ambalo likigundulika husimamisha mipango yote, nalo ni asbesto, yaani madini yenye nyuzi nyembamba sana. Nyumba nyingi za zamani duniani ziliezekwa kwa shiti za saruji iliyochanganywa na asbesto, zenye rangi ya kijivu na mara nyingi zenye mawimbi kama ya bati. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo saratani ya mapafu na ile ya utando unaoyazunguka, na magonjwa hayo hujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta nyuzi zake. Shiti nzima iliyotulia juu ya nyumba haina hatari kubwa. Hatari huanza inapovunjwa, kukatwa, kutobolewa au kusuguliwa, yaani mambo yaleyale yanayofanyika wakati wa kuezua. Kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuwa na hakika, kwa hiyo kipande kinachoshukiwa kipimwe maabara, na kichukuliwe na mtu anayejua namna ya kukikata bila kutimua vumbi. Ikithibitika kuwa ni asbesto, kazi ya kuiondoa ni ya wataalamu wenye kibali: shiti hulowanishwa, huteremshwa zikiwa nzima bila kurushwa, hufungwa ndani ya nailoni nzito na kupelekwa mahali palipotengwa kwa taka za aina hiyo. Nawasihi wasomaji wangu wasikubali fundi anayesema kwamba atazishusha haraka kwa nyundo, wala wasihifadhi vipande ili kuezekea banda la kuku au kutandaza njiani. Nasema haya kwa msisitizo kwa sababu anayedhurika si fundi peke yake, bali pia mtoto anayecheza uani baada ya kazi kwisha.

Baada ya hapo njooni vyumbani. Kugonga na kung'oa misumari hutikisa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kenchi hutikisa kuta, na mtikisiko huo hufika mbali kuliko watu wanavyodhani. Shusheni picha, vioo, saa za ukutani na vyombo vilivyo kwenye rafu za juu, hata katika vyumba ambavyo paa lake halitaguswa siku hiyo. Taa nzito zinazoning'inia zishushwe au zifungwe vizuri zaidi. Dari ya jipsamu yenye madoa ya maji ichunguzwe kwa makini, kwa kuwa ubao uliowahi kulowa hupoteza nguvu na unaweza kuanguka wote mara moja. Ni heri kuuondoa kwa hiari kabla ya kazi kuliko kuusubiri uangukie kabati. Pigeni picha za nyufa zote zilizopo ukutani na darini, zikiwa na tarehe. Picha hizo humlinda mwenye nyumba na humlinda fundi pia, kwa sababu baada ya kazi kila ufa huonekana mpya.

Kuhusu vumbi, wengi hufunika vitu kwa shuka kuukuu na kudhani wamemaliza. Shuka huzuia vumbi kiasi, lakini haizuii maji. Mimi hupendekeza nailoni nene juu ya shuka, iliyowekwa kwa mteremko ili maji yakidondoka yatiririkie sakafuni badala ya kutuama juu ya godoro na kutafuta tundu. Vitu vyenye thamani, nyaraka, vitabu na vifaa vya umeme ni bora vitolewe kabisa katika vyumba vilivyo chini ya paa linaloezuliwa, na kama hakuna pa kuvipeleka, vikusanywe katikati ya chumba, mbali na kuta, kwa kuwa uchafu mwingi huporomoka pale dari inapokutana na ukuta. Milango ya kabati izibwe kwa utepe wa gundi. Jikoni, vyakula na vyombo vifungiwe, na meza zioshwe upya kabla ya kupika jioni.

Umeme unahitaji mtu wake. Fundi umeme aje kabla ya siku ya kazi, azime na kuzitenga nyaya zinazopita darini, kisha atuoneshe zilipo, kwa kuwa katika nyumba za zamani nyaya mara nyingi zimelala moja kwa moja juu ya mbao ambazo sisi tunapigilia misumari. Waya unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani ni jambo jingine na ni zito zaidi. Bati refu linalopandishwa na watu wawili likigusa waya ulio wazi huua, na hakuna fundi mwezekaji wala fundi umeme wa mtaani anayepaswa kuugusa waya huo; ni shirika linalosambaza umeme peke yake linaloweza kuukata kwa muda au kuufunika, nalo hutaka kuarifiwa mapema. Wenye paneli za sola wanapaswa kukumbuka kwamba paneli huzalisha umeme wakati wowote mwanga unapoziangukia, hata swichi kuu ya nyumba ikiwa imezimwa. Zishushwe na mtaalamu wa sola, na matundu yaliyoshikilia fremu zake yapangwe upya pamoja nasi, kwa kuwa paa jipya linalotobolewa wiki moja baadaye na mtu asiyejua kuziba ndilo paa linaloanza kuvuja kabla halijazeeka. Antena, madishi na hita za maji zilizo juu ya paa zinafuata utaratibu huohuo, na hita imwagwe maji kwanza ili iwe nyepesi kushusha.

Kuna mabomba yanayotoboa paa ambayo husahaulika. Bomba la hewa la choo likiachwa wazi wakati wa kuezua, vipande vya vigae na misumari huingia humo na kuziba mahali ambapo kuzibua ni taabu. Lizibwe kwa kitambaa, na kitambaa hicho kiandikwe katika orodha ya vitu vya kuondoa mwishoni. Bomba la moshi la hita ya gesi au la jiko ni hatari zaidi. Muda wote ambao bomba hilo limefunikwa au limeachana na sehemu yake ya juu, kifaa chenyewe kisiwashwe hata kidogo, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na humlevya mtu usingizini bila yeye kujua.

Kwa wanaovuna maji ya mvua, tenganisheni mifereji ya paa na tangi kabla bati la kwanza halijang'olewa, na mfuniko wa tangi ufungwe kabisa. Kutu, mavi ya ndege, mabaki ya rangi za zamani ambazo huenda zina madini ya risasi, na vumbi la kukata bati, vyote huteremkia kwenye mfereji. Jazeni vyombo vya kutosha maji safi ya siku za kazi.

Nje ya nyumba, hesabuni kwamba eneo la angalau mita tatu kuzunguka kuta zote si lenu tena hadi kazi iishe. Magari yaegeshwe mbali, nje ya lango ikiwezekana, ili yasifungiwe na lori la vifaa wala kutobolewa magurudumu na misumari. Mimea mnayoipenda ifunikwe kwa nguo nyepesi na si nailoni, kwa kuwa nailoni chini ya jua huiunguza. Amueni mapema vifaa vipya vitawekwa wapi. Mabati yasilazwe juu ya udongo: yawekwe juu ya mbao, yakiwa yameinama kidogo upande mmoja, na yafunikwe huku hewa ikipita. Maji yakinaswa kati ya bati na bati, tabaka la zinki hufanya unga mweupe na kuanza kulika kabla bati halijapanda juu.

Sasa nije kwenye makubaliano, ambako nadhani ndiko kwenye chanzo cha ugomvi mwingi. Hakuna fundi anayeweza kujua mbao zote zilizooza kabla ya kuezua, hata baada ya ukaguzi niliouelezea, hivyo yeyote anayetoa bei moja isiyotaja mbao ama ameongeza fedha za kujikinga ama atakuja na madai paa likiwa wazi, wakati ambapo mwenye nyumba hana nafasi ya kukataa. Njia ya haki ni kuandika bei ya kila mita ya mbao itakayobadilishwa, na kukubaliana kwamba mbao haibadilishwi kabla mwenye nyumba hajaiona kwa macho au kwa picha. Andikeni pia unene wa bati kwa milimita, aina ya misumari au skrubu, nani anachukua mabati ya zamani, na nani analipia dari ikiharibika. Anayetaka kutoka kwenye bati kwenda kwenye vigae asikubali bila mhandisi kukagua kenchi: bati jembamba huwa na uzito wa chini ya kilo 5 kwa mita ya mraba, ilhali vigae vya zege kwa kawaida hufikia kilo 40 na zaidi, na kenchi zilizojengwa kwa ajili ya mzigo wa kwanza hazikusudiwa kubeba wa pili.

Katika makubaliano hayohayo, muulizeni fundi ataezua sehemu gani kila siku na ataifunga vipi jioni. Jibu ninalolitaka mimi kutoka kwa kikosi changu ni kwamba hatufungui zaidi ya tunachoweza kukifunga kabla ya giza, hata kama anga ni safi, na kwamba maturubai yenye kamba yako juu ya jukwaa tangu asubuhi, si ndani ya gari. Kiangazi hupunguza hatari lakini hakiifuti, na upepo nao ni sababu ya kutosha ya kuahirisha, kwa kuwa bati likipeperuka mikononi hukata.

Watu wa nyumbani wapangiwe pa kukaa. Mwenye pumu, mtoto mchanga, mgonjwa na mzee asiyevumilia kelele wahamie kwingine mchana, na ikiwezekana na usiku, hadi dari isafishwe. Wanyama wafungiwe mbali. Jirani aarifiwe siku na saa za kuanza, hasa kama mnatumia ukuta mmoja, kwa kuwa picha zilizoning'inizwa upande wake zitatikisika sawasawa na zenu.

Kazi ikikamilika, kabla ya kurudisha chochote mahali pake, dai kwamba sumaku ipitishwe uani kote, na chembe za chuma zilizotokana na grainda, ile mashine ya kukatia bati, zifagiliwe juu ya paa siku hiyohiyo, kwa sababu chembe hizo hung'ang'ania rangi ya bati, hushika kutu na kuacha madoa yasiyotoka. Kitambaa kiondolewe kwenye bomba la choo, bomba la moshi liungwe na kukaguliwa kabla ya hita kuwashwa, na mifereji ioshwe. Tangi lisiunganishwe mara moja: mvua za kwanza ziachwe zimwagike chini, kwa kuwa mabati mapya huja na mafuta ya kiwandani na paa lote lina mabaki ya kazi, kisha ndipo maji yaruhusiwe kuingia.