Mpiga piano wa nyuma si msanii aliyeshindwa

Wapo wanaoamini kwamba mpiga piano wa jazi anayewapigia wengine ni yule aliyeshindwa kuvuma mwenyewe. Tommy Flanagan, mzaliwa wa Detroit mwaka 1930, anaivunja imani hiyo. Mwaka 1956 alirekodi na mpiga saksafoni Sonny Rollins, 1959 na mpiga saksafoni mwingine, John Coltrane, 1960 na mpiga gitaa Wes Montgomery. Vigogo hao wasingemwita mtu wa kujaza nafasi.

Kwa mwimbaji Ella Fitzgerald alikaa kuanzia 1968 hadi 1978, mbali na kipindi kingine cha awali. Kumpigia mwimbaji si kumfuata kama mkia. Besi, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, tayari imeshika noti ya chini, kwa hiyo piano inaweza kuiacha. Mkono wa kushoto unagusa sauti mbili tatu kwa mkato, kisha kimya, mwimbaji avute pumzi. Na Ella alipoanza kubuni papo hapo, jambo alilolipenda mno, mpiga piano alilazimika kuhisi anakoelekea kabla hajafika.

Wakosoaji hupenda kutaja wimbo "Giant Steps" wa Coltrane, ambamo Flanagan anasikika akisitasita zamu yake ilipofika. Ni kweli, ila wimbo wenyewe unakimbia balaa! Mwaka 1982 aliurekodi tena na kundi lake la watu watatu, safari hii akitiririka bila wasiwasi. Aliendelea kuongoza makundi ya namna hiyo karibu hadi kifo chake, New York, mwaka 2001.