Kulinda Usikivu Ndani ya Gari la Michezo Lisilo na Paa

Mimi ni mtaalamu wa usikivu ninayefanya kazi katika kliniki nchini Uingereza, na kila mwaka majira ya joto yanapofika huwapokea madereva wa magari yasiyo na paa ambao masikio yao huvuma au huhisi yamezibika baada ya safari ndefu. Baadhi yao huendesha Caterham Seven, gari dogo la michezo lililotokana na Lotus Seven ya mwaka 1957, ambalo haki za kulitengeneza ziliuzwa kwa kampuni ya Caterham mwaka 1973 na ambalo hadi leo umbo lake halijabadilika sana: lina uzito unaozidi nusu tani kwa kiasi kidogo, dereva hukaa karibu na lami, milango yake ni ya kitambaa na huweza kung'olewa, na sailensa hupita ubavuni mwa gari, chini ya kiwiko cha aliyeketi upande huo. Ni gari ninalolipenda, wala sina nia ya kumshawishi mtu yeyote aliache. Ninachotaka ni kwamba anayelipenda aweze bado kulisikia atakapokuwa na miaka sabini.

Swali la kwanza ninaloulizwa karibu kila mara linahusu sailensa, kwa sababu mlio wa injini ndio watu wanaoutambua na kuukumbuka. Kwa mwendo wa mjini swali hilo lina msingi. Hata hivyo, gari likishashika barabara kuu, kelele kubwa inayofika sikioni hutokana na upepo. Hewa inayokatwa na kingo za kioo cha mbele huvurugika na kujizungusha, kisha mizunguko hiyo huupiga uso wa dereva na kulipiga sikio lenyewe, hivi kwamba sikio linalopokea kelele huwa pia limekuwa mojawapo ya vitu vinavyoizalisha. Nguvu ya sauti ya namna hii hupanda upesi mno mwendo unapoongezeka, kwa kuwa hufuata, kwa kukadiria, kipeo cha sita cha kasi ya hewa. Ukitoka kilomita 80 kwa saa na kufika 113, ambazo ndizo maili 70 zinazoruhusiwa kwenye barabara kuu za Uingereza, kelele ya upepo huongezeka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 9 hivi, na nishati yake huwa mara nane ya ilivyokuwa. Mwaka 2011 madaktari wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, walichapisha vipimo vya magari matano yanayofunguliwa paa, wakaonyesha kwamba mengi yao yalivuka desibeli 85 yakiwa wazi kwa mwendo wa maili 55 kwa saa tu, yaani kilomita 88 hivi. Gari kama Seven, hasa lile ambalo mwenyewe ameling'oa kioo cha mbele na kuweka kile kifupi cha mashindano, humwacha dereva na kinga ndogo zaidi dhidi ya hewa hiyo.

Kwa nini desibeli 85? Kiwango hicho ndicho ambacho taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inakipendekeza kuwa kikomo kwa siku ya kazi ya saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka huukata muda huo nusu. Desibeli 88 huruhusu saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, na 100 dakika kumi na tano pekee. Tuchukulie kwamba kelele karibu na sikio la dereva ni desibeli 94: safari ya asubuhi ya saa tatu itampa dozi ya siku tatu za kiwandani. Masikio hayatofautishi kelele ya kazi na kelele ya starehe, na dozi ya gari hujumlishwa na ile ya mashine ya kukatia nyasi, ya muziki wa harusi na ya karakana. Ndiyo maana mtu anayeendesha mara chache kwa mwaka, kwa safari fupi za vijijini, nikimaliza kumweleza haya ninamwambia aende akafurahie gari lake, ilhali yule anayevuka Ufaransa kwa siku mbili mfululizo ninamketisha na kuzungumza naye kwa kirefu.

Ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva, kila mmoja wetu huzaliwa na seli za nje zenye vinyweleo zipatazo 12,000 na za ndani zipatazo 3,500. Hazioti tena zikifa. Kelele huanza kuziharibu zile zinazohudumia masafa ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 3,000 hadi 6,000, na kwa sababu hiyo mchoro wa usikivu wa mtu aliyeumizwa na kelele huwa na bonde karibu na hezi 4,000. Katika masafa hayo ndimo zilimo konsonanti nyepesi kama s, f na th. Mgonjwa husikia kwamba mtu anasema, ila hashiki maneno, hasa penye watu wengi. Wengi hujifariji kwamba ule uzibe wa baada ya safari hupotea kesho yake. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman, wa Boston, walionyesha kwamba panya waliosikilizishwa kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili walirudia kiwango chao cha kawaida cha kusikia, na bado katika eneo lililoathirika karibu nusu ya viungio kati ya seli na neva vilikuwa vimepotea. Kiasi ambacho jambo hilo hutokea kwa binadamu bado kinajadiliwa na wanasayansi. Kwa upande wangu limenitosha kuacha kuuita uzibe wa kesho yake jambo dogo.

Kabla ya kuweka chochote sikioni, punguza kelele inayolifikia. Vioo vya madirisha, au ile milango ya kitambaa ya Seven, vinapaswa kuwa mahali pake pindi unapoingia barabara kuu, kwa maana upepo wa ubavuni ndio unaolishambulia sikio la upande wa nje, ambalo hapa Uingereza ni la kulia. Magari yenye nafasi nyuma ya viti hufaidika na kizuia upepo, kile kipande cha wavu au plastiki kinachozuia hewa kurudi mbele kutokea nyuma. Urefu wa kukaa nao una uzito: dereva mrefu ambaye kichwa chake kinakaribia ukingo wa juu wa kioo yumo katikati ya hewa iliyovurugika, na kushusha kiti kwa sentimita chache humwondoa humo. Muziki nao ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ili wimbo usikike vizuri juu ya upepo ni lazima uupite kwa desibeli kadhaa, na hapo kelele yote inayoingia sikioni huwa inaamuliwa na redio. Gari likiwa wazi kwa mwendo wa barabara kuu, zima redio.

Hayo yakiisha kufanyika, dereva wa Seven bado anahitaji vizibo vya masikio, na hapa ndipo makosa mengi hutokea dukani. Mnunuzi hutafuta tarakimu kubwa zaidi ya upunguzaji wa kelele kwenye kifurushi. Tarakimu hiyo hupatikana maabara, kizibo kikiwa kimewekwa vizuri chini ya usimamizi, na vizibo vya sponji vyenye alama 33 kwa kipimo cha Marekani kiitwacho NRR huhesabiwa na wakaguzi waangalifu kuwa vinapunguza 13 tu: ondoa 7, kisha gawanya kwa mbili. Kwa kelele ya desibeli 94, hizo 13 zinakufikisha 81, na hapo ni pazuri. Lengo ni sikio lipokee kati ya desibeli 75 na 80 hivi. Chini ya 70 dereva hutengwa na barabara. Kifurushi cha Ulaya kina tarakimu tatu za ziada zilizoandikwa H, M na L, na kwa gari la wazi mimi huitazama L, inayoeleza upunguzaji wa kelele nzito ya masafa ya chini, kwa sababu upepo una kelele nyingi ya aina hiyo. Masafa hayo ya chini pia ndiyo ya kwanza kupenya pale kizibo kinapoacha mwanya.

Kwa hiyo uwekaji una thamani kuliko bei. Kizibo cha sponji kisokote kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba bila mikunjo, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, kiingize kizibo, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kikivimba. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe husikika kama ya mtu anayesema ndani ya pipa. Wanaokerwa na hali hiyo mimi huwashauri vizibo vinavyofinyangwa kwa umbo la sikio na kuwekwa chujio, mfano wa vile ambavyo kampuni ya Etymotic Research ilivitoa mwaka 1988 kwa ajili ya wanamuziki, ambavyo hupunguza masafa yote karibu kwa kiasi kimoja, hivyo mlio wa injini ukabaki na rangi yake. Kwa dereva anayelijali gari lake, hayo ni matumizi mazuri ya fedha. Vipokea sauti vinavyofuta kelele kwa umeme sivipendekezi, maana maikrofoni zake huvurugwa na upepo uleule, na vilivyo vingi havijathibitishwa kuwa kinga.

Jambo moja la hesabu ningependa likumbukwe. Kizibo kinachopunguza desibeli 30 kikivaliwa nusu tu ya safari, faida yake kwa safari nzima ni desibeli 3, na ukikivua kwa dakika 24 tu katika safari ya saa nne, faida haiwezi kuzidi 10. Kizibo hafifu unachokivumilia tangu kuondoka hadi kufika kinashinda kile bora unachokivua kila unapotaka kuzungumza na abiria.

Je, king'ora cha gari la wagonjwa kitasikika? Kwa mwenye usikivu wa kawaida aliye ndani ya kelele kubwa, ndiyo, kwa sababu kizibo hushusha king'ora na upepo kwa pamoja, na sikio hufanya kazi kwa utulivu zaidi kelele inaposhuka. Kwa mtu ambaye tayari amepoteza usikivu jibu ni tofauti, kwani king'ora kilichopunguzwa huweza kuangukia chini ya kiwango anachokisikia. Yeye apimwe kwanza na achaguliwe kinga nyepesi. Hapa Uingereza hakuna sheria inayomkataza dereva kuvaa vizibo. California inakataza kuziba masikio yote mawili, lakini sheria hiyohiyo inaviruhusu vizibo vilivyobuniwa kupunguza kelele yenye madhara bila kumzuia dereva kusikia ving'ora na honi, kwa hiyo anayesafiri na gari lake asome sheria za aendako.

Wengine hupenda kupima wenyewe kwa simu. NIOSH ina programu ya bure ya kupima sauti kwa ajili ya iPhone, na ni nzuri, ila upepo ukiipiga maikrofoni isiyofunikwa tarakimu hazina maana yoyote. Ifunike kwa sponji ya maikrofoni, abiria aishike karibu na sikio lake, nawe uendeshe.

Mwisho, kabla ya msimu kuanza pima usikivu wako ukiwa umekaa angalau saa 14 mbali na kelele, na uiombe kliniki iongeze hezi 3,000 na 6,000 ikiwa haizipimi kwa kawaida. Hifadhi mchoro huo. Rudia msimu ukiisha, na ikiwa karibu na hezi 4,000 pameshuka kwa desibeli 10 au zaidi, njoo na vizibo vyako ili tuvikague vikiwa ndani ya masikio. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku moja, usingoje miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa tiba ya hali hiyo hufaa zaidi ikianza mapema.